Viwavi Kiganjani

"Viwavi hawa umewatuma wewe!" Ndaro alimfokea jirani yake, Sikitu. Shamba lake lilikuwa limebaki vijiti vitupu. Ng'ambo ya kijia, mahindi ya Sikitu yalinawiri, na Ndaro na wanaume aliokuja nao walishika mapanga tayari kuyafyeka.

Sikitu alivuka kijia, akachuma viwavi tele kiganjani, akarudi akawamwaga juu ya majani ya mahindi yake mwenyewe.

"Haya, uchawi wangu ndio huo. Tazameni!"

Viwavi walionja, wakainua vichwa, kisha mmoja mmoja wakajiangusha chini.

"Mahindi ya mbegu ya bibi yangu hayaliwi ovyo." Alifungua pindo la kanga, akatoa punje kavu, akamnyooshea Ndaro. "Pokea mbegu ukapande. Au anza kunifyeka mimi."

Taratibu, Ndaro akahamishia panga mkono wa kushoto.