Spika Mbili Mbili

Stara alikatiza mitaa ya Majengo saa nne asubuhi amepakata spika mbili ndani ya kanga. Nyuma yake alifuata fundi Charles, nyaya begani, bisibisi mkononi. Wauza mtama wakamsalimia, hakuitikia hata mmoja. Alikuwa anakwenda kwa mke mwenzie, na leo ilikuwa leo.

Kisa ni hizo spika. Wiki iliyopita mume wao, Halfani, alirudi kutoka Dar na ile mitambo mipya ambayo tangu bidhaa za nje ziruhusiwe kila mwenye duka alikuwa anaisifia. Sauti ya kuzunguka! Unatazama sinema, mvua inanyesha mbele yako, radi inakupigia kisogoni. Halfani akamtundikia Stara spika mbili, akaziunga kwenye redio na kwenye deki ya kanda iliyo chini ya ile televisheni yake ya zamani yenye kabati la mbao, akakung'uta mikono.

"Na mwenzio nimempelekea zake," alisema. "Mimi sipendelei."

Na kweli, kwa kugawa, Halfani hakuwa na mshindani Dodoma nzima. Sukari aliipima kwenye mizani ya dukani, isizidi hata punje. Kanga alinunua za rangi moja ili pasiwe na maneno. Siku mbili alilala kwa Stara, mbili kwa Yusra, mbili alikwenda bwawani Mtera kufuata samaki, kisha anaanza tena kwa Stara. Miaka mitatu hajakosea zamu hata mara moja.

Lakini sauti haikuzunguka. Stara alihamisha kiti, akahamisha kochi, akakaa hadi chini sakafuni. Wapi! Radi ikapiga kama mtu anayegonga sufuria. Asubuhi hii akamwita fundi.

Charles alizigeuza spika, akasoma maandishi ya nyuma, akacheka.

"Mama, televisheni yako haina kosa. Ni kongwe, haina tundu la kutolea sauti, lakini sauti inavutwa kwenye deki, na inakubali. Shida ni kwamba hizi ni za nyuma tu. Seti yake ina spika sita na mashine ya kuziendesha. Mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya katikati, na moja kubwa ya besi. Nyingine umeziweka wapi?"

Stara akazifunga zile mbili ndani ya kanga. Nne! Nne, na mashine juu yake, kwa Yusra! Wivu ulimpanda. Yeye ndiye aliyeanza na Halfani wakati ule dagaa wanauzwa kwa kikopo, wanashindia uji, wanalala chumba kimoja na magunia. Miaka ishirini na miwili. Halafu kaja huyu wa juzi, na vishimo vyake vya mashavuni, amekaa katikati ya radi na mvua, na yeye Stara anarushiwa za nyuma! Akaapa mbele ya fundi wa watu: akizikuta hizo nne kwa Yusra, leo hii anapanda basi kurudi kwa kaka yake Kondoa, na ndoa iishie hapo.

Yusra alifungua mlango na upawa mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Spika zangu ziko wapi?"

"Zako?" Yusra akaweka upawa chini. "Mimi ndiye niliyetaka kukufuata, dada, ila nakuheshimu. Nimepewa vispika viwili havina hata mshindo, nikasema sawa, bi mkubwa ndiye kapewa vya maana. Nimelia wiki nzima humu ndani."

"Usinichezee, Yusra. Boksi lake liko wapi?"

"Aliondoka nalo jana kwenda Mtera. Alisema la kutilia samaki."

Stara akampita. Akatazama sebuleni, akainua pazia, akainama mvunguni, akafungua kabati la nguo, hadi vyungu vya jikoni. Yusra alimwacha apekue, amekunja mikono. Spika zilikuwa mbili, zimekaa kwenye stuli huku na huku ya televisheni. Hakukuwa na nyingine. Charles akazigeuza.

"Hizi ndizo za mbele," alisema.

Mbili, na mbili. Stara akaketi kwenye mkeka. Aibu ikamshika, na chini ya aibu furaha, maana mume wake alikuwa mkweli kumbe. Hakupendelea. Miaka yote ile haikuwa imesahauliwa. Yusra naye akaketi kando yake, akajifuta macho na ncha ya kanga, na wote wawili wakaanza kucheka kwa namna walivyokuwa wakichukiana bure.

Charles akapanga zote nne, mbili mbele, mbili nyuma yao, akaunga nyaya kwenye redio ya Yusra, akawasha deki. Mvua ikawazunguka. Yusra akageuka kutazama nyuma, akamshika Stara mkono.

"Umeona, dada?"

"Nimeona, mdogo wangu."

"Na hapo bado, mama zangu," Charles alisema, anavingirisha waya uliobaki. "Mkipata ile ya katikati, ndiyo inayotoa maneno ya watu, na ile ya besi inayotikisa ukuta, na mashine yenyewe, hapo ndipo mtaifaidi. Aliyenazo hizo tatu ndiye mwenye seti."

Kicheko cha Stara kikakatika. Akamtazama Yusra. Yusra alikuwa ameshamtazama yeye.

"Fundi," Stara akauliza polepole, "huko Mtera kuna umeme?"

"Mtera?" Charles akacheka. "Umeme wenyewe si unatoka huko huko, mama?"