Kiwanda cha Wiski cha Malaz

Ijumaa hiyo, katika joto la Riyadh, Wesley alikwenda kwa Jackton akiwa amevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine.

"Umekuja kunywa ama unasafiri?" Jackton akamtania, akimsogezea glasi.

Kutania kulikuwa haki yake, maana kiwanda kilikuwa chake. Kilianzia Jeddah, katika bafu la nyumba moja ya Aziziya. Majirani waliponusa, akakihamishia Riyadh, kwenye fleti ya Malaz: sufuria kubwa, bomba la shaba, na vipande vya mbao vilivyochomwa vya kuipa chang'aa rangi. Yeye aliiita wiski. Katika nchi isiyo na baa, nani angembishia? Madereva na walinzi wa Kenya walikutana pale kila Ijumaa wakacheka kwa sauti ya chini. Wesley alipougua, ni Jackton aliyemlaza pale pale na kumpikia uji.

Leo Wesley hakugusa glasi. Mfukoni alikuwa na kitambaa cha kichwa alichomnunulia mama yake. Mama alikuwa kitandani Kapsabet, akiuliza kila siku mwanawe atafika lini. Kafili, mwajiri wake mwenye jumba kule Al-Malqa, alishikilia pasipoti yake, na jibu lake halikubadilika: "Mafi safari, hakuna kusafiri. Baada ya Ramadhani." Ramadhani zilikuja, zikapita. Mtu angeweza kuuchukia mwezi mtukufu bure, na kosa si lake.

"Kunywa basi, ndugu yangu," Jackton alisema. "Mama atapona."

Hapo mlango ukavunjwa.

Ndani ya seli, aliyewauza alilaaniwa yeye na ukoo wake. Wengi walimtaja Gilbert, mwenzao wa kila Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo hakuja. Wesley alikaa pembeni, jasho likimtiririka, asimtetee Gilbert wala asimlaumu.

Jackton ndiye aliyekwenda kumfariji. Mkate aliopewa aliukata, akampa nusu.

"Usilie. Mimi mpishi nitaozea ndani, hiyo najua. Lakini nyinyi wanywaji mnarudishwa kwenu tu, na kafili haulizwi. Utamwona mama yako, bro."

Wesley akazidi kulia.

Asubuhi mlango ulifunguliwa. Ofisa alisimama pale na kafili wa Wesley, wote wawili wakitabasamu.

"Ni huyu aliyetupigia simu," ofisa akasema, akimnyooshea kidole mbele ya wenzake. "Mtu mwema. Mwachieni arudi kazini."

Kafili akamrushia funguo za gari.

"Yalla, Wesley. Nyumbani."