Jina la Upande wa Mama

Mama amepita mbele ya picha yangu mara ya pili bila kuiona.

Kwetu mtoto hubeba majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Mama alinifundisha kuandika lake kwa kidole, kwenye unga uliomwagika mezani akipika chapati za mahindi. Neno analoweza kulisoma duniani ni moja tu: Cuéllar, la kwao. Ndilo analolitafuta leo, siku ya wazazi, kwenye ukuta wa picha wa darasa letu hapa ugenini, Fresno.

Hatalipata. Mwalimu aliniambia niliache. "Itzel Barrientos inatosha. Hapa jina la ukoo ni moja." Nikashangaa: kwani watoto wa huku wamezaliwa na baba peke yake?

"We kichwa maji, picha yako iko wapi?" Mama ananiuliza kwa Kihispania. "Au ulichora vituko wakaificha?"

"Ipo, Mama."

"Ipo kwa nani? Mbona siioni?"

Wazazi wengine wanageuka. Kwenye nyusi za Mama umebaki unga.

"Mama anasemaje?" Mwalimu ananiuliza kwa Kiingereza, akitabasamu.

Sijui nimjibu nani. Mwalimu ndiye anayejua kuandika. Mama ndiye aliyenifundisha.

Nachukua krayoni nyekundu. Baada ya Barrientos, karatasi ya picha yangu imebakiza nafasi ya herufi moja tu. Naandika C. Zilizobaki naziendeleza ukutani, kubwa kubwa.

"Itzel!" Mwalimu anafoka.

Nyuma yangu, Mama ameanza kusoma kwa sauti.