Risasi za Baba Mkwe

Mzee aliingia dukani, akalisalimu koti.

"Hujambo, mkwe?"

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, nalo halikujibu. Mkwe mwenyewe, muuza risasi, alikuwa nyuma ya kaunta, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kreti. Aliinuka kwa kujikongoja.

"Shikamoo, baba. Niko huku."

"Marahaba. Nimekuona," mzee akasema, akageukia sauti ilikotoka.

Hakuwa amemwona, na wote watatu walilijua hilo, maana mama mkwe naye alikuwa ameshaingia na mfuko wake wa nailoni. Muuza risasi alishusha pumzi. Alikuwa amechoka, tena uchovu ule wa mifupani. Kila mwaka, msimu wa kulungu ukikaribia, mchezo ni huu huu, na mtu hawezi kumkatalia baba wa mkewe. Mkwe ni mkwe bwana. Kuna maneno huwezi kumtamkia hata yakikukaba koo.

Mama mkwe aliuweka mfuko juu ya kaunta. Ulikuwa umejaa vipande vya mishumaa.

"Huyu mke wangu!" mzee akacheka. "Kila msimu anakubebea masalia ya mishumaa. Kwani humu hamna umeme?"

"Unakatikakatika, baba."

"Haya. Tuje kwenye kazi, na mwaka huu sitaki mzaha." Alilaza bunduki yake juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Misimu mitatu narudi mikono mitupu. Mimi! Mimi niliyeitwa Sikosi mpaka na watoto wa shule! Sasa wananicheka waziwazi. Nikikosa na safari hii, naitundika hii ukutani, na mimi mnitundike pembeni yake, maana nitakuwa nimeshakufa."

"Usiseme hivyo, baba watoto," mkewe akasema.

"Nasema."

Wala hakuwa akitania. Shamba alishawaachia wanawe, rafiki zake alishawazika, meno nayo yalishamuaga. Kilichobaki ni lile jina, na siku chache za msimu za kulitafuta tena porini. Muuza risasi alimwonea huruma mpaka akaona hasira, ila hakujua amkasirikie nani.

Akatoa maboksi mawili. "Hizi nyepesi, gramu kumi. Zinakwenda kasi, hazishuki njiani. Hizi nzito, gramu kumi na mbili. Zinachelewa kidogo, lakini kulungu hata akiwa nyuma ya majani zitamfikia."

Mzee alipima moja moja kiganjani, midomo ikimchezacheza. Hapo vidole vyake havikukosea hata kidogo.

"Mwaka jana ulinipa nyepesi. Zilipeperuka kama pumba. Halafu zako hazina teke siku hizi. Zamani ukifyatua, bega linapata habari. Hizi zinanisukuma kama mtoto anayedeka."

"Ni baruti za kisasa, baba. Zimetengenezwa zisiumize bega."

"Bega langu lilikuja hapa kushtaki?"

Mama mkwe alikohoa, akageuka kutazama barabarani.

"Nipe nzito, zenye ncha laini," mzee akakata shauri. "Kama zile za msimu wa mwisho niliopata. Unakumbuka nilivyokusimulia? Jua linashuka, kichaka kikatikisika, nikaachia moja tu. Moja! Nikasikia kabisa imeingia kwenye nyama. Nilivyofika nikakuta damu, mkwe wangu, damu tele kwenye majani, mnyama simwoni. Tangu siku hiyo mkosi umeniganda. Laiti ungekuwepo, ungenisaidia kumtafuta."

"Ndiyo, baba."

"Lakini wewe nawe wiki ile ile ukaanguka na pikipiki. Mkosi haujui kutembea peke yake." Mzee akalainika. "Bado unauma, huo mguu?"

"Ikinyesha tu."

"Pole, mwanangu."

Muuza risasi akaandika: nzito, ncha laini, ishirini. Dukani kwake mtu hakuondoka na boksi. Alizifungua risasi na kuzijaza upya mwenyewe kwa mkono, bunduki kwa bunduki, kama fundi cherehani anavyopima nguo kwa mwenye nayo. Watu walitoka mbali kwa ajili hiyo.

"Nitakuletea kesho asubuhi, baba, zikiwa tayari."

"Safari hii utakula nyama," mzee akasema. Mlangoni akaliaga koti.

Mama mkwe alibaki nyuma kidogo. Aliushika mkono wa muuza risasi kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akulipe," akasema, akamfuata mumewe.

Muuza risasi alifunga mlango, akachechemea mpaka chumba cha nyuma. Akabandika sufuria jikoni, akamimina vile vipande vya mishumaa. Nta ilipokuwa ikiyeyuka, alizichukua risasi ishirini alizochagua mzee, akazing'oa vichwa kimoja kimoja kwa koleo. Kisha akamwaga nta kwenye kalibu, akafungua rangi ya shaba, akatafuta brashi.

Vile vichwa vilivyong'olewa alivitia koponi, pamoja na vya misimu mitatu iliyopita. Kopo likajaa mpaka juu, ikabidi atoe kimoja, kile kilichopondeka, ambacho daktari alimwonyesha ndani ya bakuli siku alipomwambia kwamba mguu hautarudi kama zamani. Kilikuwa kizito, cha ncha laini.