Jiwe la Dovagno

Siku ya kusimamisha jiwe la kaburi, mchunga ng'ombe wa bwana ndiye aliyeambiwa alikumbatie lisianguke, wenzake wakishindilia udongo chini.

Usoni mwa jiwe padri alikuwa ameandikisha Kilatini. Ukingoni ilipanda mistari mifupi ya Ogham, maandishi ya mababu waliovuka bahari kutoka Ireland.

"Fundi, huku ukingoni umeandika nini?" mchunga ng'ombe alimuuliza mchonga jiwe. Hakujua kusoma.

"Yale yale ya padri. Dovagno, mwana wa bwana wetu."

"Yale yale?"

"Ulitaka niandike mwana wako?"

Wenzake wakacheka chinichini. Mke wa bwana, mama wa marehemu, akainamisha uso. Siri ya baba halisi wa Dovagno waliijua yeye na mchunga ng'ombe tu, na ingetoka, mama huyo asingeliona jua la kesho.

Shavu la mchunga ng'ombe lilikuwa limebanwa jiweni. Mikato ilikuwa mipya, ina makali. Machozi yakateremka ndani ya mistari.

"Wewe, unalia nini?" bwana akauliza, akisogea.

"Ni zito, bwana."

"Basi mpokeeni."

Wakamshika mabega kumtoa, lakini mikono yake haikuachia.