Tundu la Sita

Sindano ya kipimo ilishuka ghafla, na fundi hakuwa amegusa kitu.

Alikuwa amepiga magoti sebuleni, kipimo chake amekichomeka kwenye tundu la ukutani. Nyumba ile ilikuwa na mashine moja kubwa ya kufyonza vumbi, imefungwa stoo nyuma ya jiko, na mabomba yake yalipita ndani ya kuta mpaka kila chumba. Ukitaka kusafisha, unachomeka mpira kwenye tundu la chumba ulichomo, basi. Lakini pumzi ya mashine ni moja. Mtu akifunua tundu jingine, popote pale nyumbani, sindano inashuka.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama karibu yake, mikono kaifumbata kifuani.

"Mama, kuna mtu mwingine humu ndani?" fundi aliuliza, akipaza sauti kushinda ngurumo za mashine.

"Mtu atoke wapi? Naishi peke yangu, fundi. Mimi na redio yangu."

Alijibu haraka mno. Sindano ikapanda, ikashuka tena, ikatulia chini. Kuna mtu alikuwa anasafisha chumba huko juu, kajificha ndani ya kelele za mashine.

Fundi alijikaza asitazame upande wa ngazi.

"Basi labda bomba limepata ufa," alisema. "Hebu nikaangalie tangi."

Aliizima mashine kwa swichi ya sebuleni, akaenda stoo, akalishusha tangi na kumwaga vumbi juu ya gazeti. Mama alimfuata unyounyo. Fundi aliwazoea wenye nyumba wa namna hiyo, akamtania: "Usiogope, mama. Uchafu wa nyumba za watu huwa simsimulii mtu."

Mama hakucheka. "Mwenzako wa mwaka jana alimaliza kwa nusu saa. Na mbona mmekuja mapema hivi? Mimi sijawapigia simu."

"Huduma ya bure, mama. Mitaa hii siku hizi ni yangu. Niliiomba mwenyewe."

Alilipekua vumbi kwa ncha ya bisibisi. Nywele za mama zilikuwa fupi, nyeupe kwa mvi. Kwenye vumbi kulikuwa na nywele ndefu nyeusi, zimejiviringisha kwenye uzi wa sufu wa rangi ya zambarau. Rangi ile aliijua. Mama alipogeuka kuangalia birika, fundi aliuchukua ule uzi akautia kwenye mfuko wa shati.

Ubavuni mwa mashine, waliofunga mfumo ule walikuwa wamebandika orodha ya matundu. Aliyahesabu: sita. Mama alikuwa amemwonyesha matano.

"La sita liko wapi, mama?"

"Lile la juu? Kile ni chumba cha makorokoro tu. Ufunguo ulipotea zamani." Akamwonyesha mlango. "Sikiliza, mwanangu. Kama kazi imekwisha, mimi nina safari."

Safari gani, na birika liko motoni, na pembeni yake vikombe viwili? Fundi alianza kukusanya vifaa vyake polepole ili apate muda wa kufikiri. Angeweza kuaga na kurudi kesho na watu. Lakini mpaka kesho, aliyefichwa huko juu angekuwa ameshahamishwa, na kutafuta kungeanza upya. Ilikuwa ni sasa au basi tena.

"Dakika tano tu, mama, kisha naondoka zangu. Nisaidie kitu kimoja."

Alirudisha tangi mahali pake, akampeleka sebuleni, akachomeka mpira na kumkabidhi mdomo wa mpira huo. "Ziba hapa kwa kiganja, uzibe kabisa. Usiachie mpaka nikuambie. Ukiachia, mota inaungua."

Ulikuwa uongo mtupu, lakini mama angejuaje? Alisita, akatazama upande wa ngazi, akaifikiria mashine yake. Kisha akaziba.

"Mimi nasikiliza mabomba huko nyuma," fundi alisema, akaiwasha.

Nyumba nzima ikanguruma. Kwa kelele zile, hata mtu angepiga ukelele kule juu, sebuleni usingesikika. Fundi alipita jikoni, akazunguka kwa mlango wa pili wa ukumbini, akapanda ngazi kwa kunyata, begi la vifaa kalikumbatia visigongane. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na furaha iliyomtia kizunguzungu.

Mlango wa kile chumba ulikuwa mwisho wa ukumbi wa juu. Mwanga ulipenya chini yake, na kivuli cha miguu kikapita kwenye mwanga huo, kikarudi. Alisukuma kwa bega. Haukutikisika.

Alipapasa mbao akitafuta tundu la ufunguo. Halikuwapo. Wala hapakuwa na kufuli. Vidole vyake vya kazi viligusa ncha nne za skrubu mpya, zimepenya ubao kutoka upande wa pili. Komeo lilikuwa ndani.

Aligonga taratibu.

"Fungua," alisema. "Ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

Ndani, kitu kilianguka sakafuni. Kisha komeo la pili likasukumwa, na baada yake la tatu.

"Miezi minane nabisha milango ya watu kwa ajili yako, mke wangu," fundi alisema kwa upole, akafungua begi na kuchagua patasi.