Maneno ya Kuamsha Duara

Sostenes alisimama kwenye mdomo wa duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, miguu mitupu, shati amelivaa ndani nje. Nyuma yake wachimbaji walivua kofia.

"Leo likikataa, bosi, sisi tunahama," Fredy, kiongozi wao, alikuwa amemwambia asubuhi hiyo ya Jumamosi. Duara halikuwa limetoa hata chembe tangu mavuno. Sostenes aliogopa, tena aliogopa kweli: ng'ombe wake wa mwisho alikwishakwenda kwa mganga.

Mganga mwenyewe hakumpa hirizi wala chale. Alimpa maneno. "Ya mababu haya," alisema, akainua mikono na kukunjua vidole kuzunguka uso. Katikati akakwama. Mjukuu wake, ndiyo kwanza ametoka shule, akamnong'oneza sikioni, na mganga akaendelea. Sostenes akainamisha kichwa kwa heshima. Kumbe mizimu ina wajumbe wa kila umri!

"Usikosee hata neno," mganga alimwonya.

"Wabeja sana, baba," Sostenes alishukuru.

Kuyakariri kulimtesa. Kichwa chake hakikuzoea mambo hayo, wala hakikuyapenda. Mwezi uliopita tu, kwenye kikao cha wazazi, ndiye aliyedai Mwalimu Klara aache kuwafundisha mashairi watoto wa darasa la pili.

"Mtoto akikariri shairi, Baba Loveness, kichwa kinajifunza kushika," mwalimu alijitetea.

"Wafundishwe hesabu! Shairi limemlisha nani?"

Alipigiwa makofi, na mashairi yakafutwa.

Sasa aliinua mikono, akakunjua vidole kuzunguka uso.

"Uliye chini, amka,
Pasua udongo, toka,
Dhahabu yako anika..."

Mstari wa nne ulikuwa umemtoka kabisa. Wachimbaji walitazamana. Fredy akaanza kukusanya sururu. Jasho lilimmwagika Sostenes: ng'ombe, duara, heshima, vyote vinakwenda hivi hivi kwa mstari mmoja.

Binti yake Loveness, wa darasa la pili, alikuwa amefika na ndoo ya uji. Aliitua, akainua mikono, akakunjua vidole vyake vidogo kuzunguka uso.

"Jua nalo litacheka!"

Sururu zilirudi chini. Sostenes alipiga magoti mbele ya mwanawe, machozi yakimlengalenga.

"Mayu, mama yangu, nani kakufunulia siri hii?"

"Mwalimu Klara," alijibu Loveness. "Ila umesahau kutaja kichwa, baba. Sisi huwa tunaanza hivi: 'Alizeti.'"